Wakati wa Kukunja Mkono Mzuri: Mwongozo wa Poka ya Mashindano kutoka Paa la Tudor

Jumamosi ya kwanza niliyocheza poka ya mashindano, juu ya paa la nyumba moja hapa Tudor, Mombasa, nilitoka wa kwanza kati ya watu kumi. Sheria ya nyumba ile ni kwamba wa kwanza kutoka ndiye mhudumu wa usiku. Nikapasha kahawa tungu, nikashuka ghorofa nne kufuata viazi karai, nikapanda navyo vingali moto, nikagawa. Kila nikipita nyuma ya mzee aliyenitoa, mstaafu wa bandarini asiyependa maneno mengi, alinipa pole ile ile: "Walikuwa malkia wazuri wale, mwanangu. Wazuri sana."

Nilikuwa na jozi ya malkia. Blaindi, yaani madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, ambayo watu wawili hulipa kwa zamu kabla ya kuona karata, zilikuwa 100 na 200, na anti, dau jingine la lazima, ya 200 inayolipwa na aliye kwenye blaindi kubwa. Kila mmoja wetu alikuwa bado na karibu chipu 20,000 alizoanza nazo. Nikapandisha hadi 500. Mzee, ambaye tangu tuketi alikuwa hajaweka hata chipu moja kwa hiari yake, akasukuma zote katikati. Nami nikamfuata kabla hajaondoa mkono. Akafunua ree mbili.

Kosa langu lilitoka barazani. Sisi tuliokulia Mji wa Kale tumefundishwa karata kwa wahedi wa sitini, mchezo ambao hata majina ya karata zake ni mabaki ya Wareno: kopa, uru, shupaza, pau. Pale ree ni alama 11, anayefikisha 61 ameshinda, na karata ya nguvu ina nguvu kwa sababu kanuni imesema hivyo. Hakuna mtu mwenye akili anayeitupa ree bure. Ukilelewa hivyo, siku ukipewa malkia wawili kwenye poka mkono wenyewe unakataa kukunja. Lakini kwenye poka karata zako mbili za mwanzo hazina nguvu ya kudumu. Nguvu yake hukadiriwa upya kila mtu mwingine anapogusa chipu zake, na kwenye mashindano hukadiriwa tena kila zawadi zinapokaribia.

Neno moja kuhusu pesa kabla hatujaenda mbali. Ligi yetu ni ya alama tu: wa kwanza 50, wa pili 30, wa tatu 20, wengine hawapati kitu, na mwisho wa msimu aliyeburura mkia hugharamia biriani. Nusu ya wenzetu hawagusi kamari kwa sababu za dini, nami sina nia ya kubishana nao. Ukitaka kwenda kasino, uwe umetimiza miaka 18, na kiingilio kiwe pesa ambayo ikipotea kodi ya nyumba bado imelipwa. Hesabu zilizo hapa chini ni zile zile, uwe unacheza kwa alama au kwa shilingi.

Na maneno nitakayotumia: mkono ni karata ulizogawiwa, na pia mchezo wa mgao mmoja. Kukunja ni kurudisha karata na kuacha mkono upite. Kupandisha ni kuongeza dau. Kufuata ni kulipa dau la mwenzako. Kuweka zote kunajieleza. Chungu ni jumla ya chipu zilizo katikati ya meza. Karata kubwa kutoka juu ni ree, mfalme, malkia, ghulamu.

Hatua ya kwanza: hesabu blaindi zako kabla hujachungulia karata

Gawa chipu zako kwa blaindi kubwa. Mimi usiku ule nilikuwa na 20,000 na blaindi kubwa ni 200, yaani blaindi 100. Jibu hili ndilo linaloamua kama swali la kukunja lipo au halipo.

Ukiwa na blaindi 10 au chini, mkono mzuri haukunjwi, isipokuwa mmekaribia zawadi, na hapo nitafika. Blaindi zinakula kila mzunguko, na kusubiri ree mbili ni kusubiri kitu kinachokuja mara 1 katika mikono 221. Ukiwa na blaindi 20 hadi 40, fikiri. Ukiwa na 80 au 100, mtu akiweka zote, jua kwamba anahatarisha kitu kikubwa kupata kitu kidogo. Watu wengi hawafanyi hivyo kwa mzaha.

Kwa nini uhesabu kabla ya kuchungulia? Kwa sababu ukishaona malkia wawili hutahesabu tena. Najijua.

Hatua ya pili: nani, na kutoka kiti gani

Aliyepandisha kutoka viti vya mwanzo ana watu wanane au tisa nyuma yake ambao bado hawajasema. Amepandisha akijua hivyo. Aliye kwenye kiti cha mgawaji amebakiwa na watu wawili tu wa blaindi wa kumzuia, kwa hiyo anaweza kupandisha kwa ree na tano, au kwa takataka kabisa. Mkono wako wa ghulamu wawili ni mzuri mbele ya huyu wa pili. Mbele ya yule wa kwanza ni mkono wa kawaida.

Kisha hesabu madau. Dau la kwanza linasema "nina kitu". La pili, la kupandisha juu ya lingine, linasema "nina kuliko wewe". La tatu, kwenye meza za watu wa kawaida kama sisi, husema ree mbili au wafalme wawili, na huwa linasema kweli. Vitabu vya mabingwa vimejaa watu wanaopandisha mara ya tatu kwa hila. Kwenye paa la Tudor sijawaona.

Halafu mtazame mtu mwenyewe, lakini usiangalie macho wala jasho, maana hapa Mombasa mwezi wa pili kila mtu anatoka jasho. Angalia ameingia mikono mingapi tangu muanze. Yule mzee alikuwa hajaingia hata mmoja kwa dakika arobaini. Hiyo peke yake ilitosha kuniambia karibu kila kitu, lau ningekuwa nasikiliza.

Hatua ya tatu: hesabu michanganyiko

Hapa ndipo wengi huogopa, bure tu, kwa sababu ni hesabu ya darasa la tano. Karata 52 hutoa mikono 1,326 ya karata mbili. Kila jozi, ree mbili kwa mfano, inaweza kutengenezwa kwa njia 6. Ree na mfalme hutengenezwa kwa njia 16, kwa kuwa kila ree kati ya nne inaweza kukutana na kila mfalme kati ya wanne.

Turudi kwa mzee. Tuseme mtu wa aina yake huweka zote kwa mikono minne tu: ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, au ree na mfalme. Mimi nimeshika malkia wawili, kwa hiyo zimebaki njia hizi: ree mbili 6, wafalme wawili 6, malkia wawili 1 tu kwa sababu wengine ninao mimi, na ree na mfalme 16. Jumla 29.

Kwenye zile 12 za jozi kubwa nashinda chini kidogo ya mara 19 katika 100. Kwenye ile 1 tunagawana. Kwenye 16 za ree na mfalme niko mbele kidogo, kama 56 katika 100. Ukichanganya zote unapata karibu asilimia 40. Ghulamu wawili mbele ya orodha hiyo hiyo hupata karibu 36, na ree na mfalme karibu 39.

Ree na mfalme wana jambo lao. Ukiwashika, umewapunguzia wapinzani ree mbili kutoka njia 6 hadi 3, na wafalme wawili vivyo hivyo. Hilo ni zuri. Baya ni kwamba bado huna hata jozi, na kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani kwa wote, utaipata kama mara moja tu katika tatu. Ni mkono mzuri wa kuweka zote wewe kwanza, ili wengine wakunje. Kumfuata mtu nao ni habari nyingine kabisa, na kama kuna kosa moja ninaloliona kila Jumamosi, ni hilo.

Sasa fikiria kwamba mzee hapandishi hata kwa ree na mfalme, na wako wazee wa namna hiyo. Njia 16 zinafutika, zinabaki 13, na malkia wangu wanashuka hadi kama 21 katika 100. Karata ni zile zile zilizo mkononi mwangu.

Hatua ya nne: uliza bei

Asilimia 40 ni nyingi au ni kidogo? Inategemea unatozwa ngapi. Chukua unachotakiwa kuongeza, gawa kwa chungu chote baada ya kukiongeza.

Usiku ule chungu kilikuwa na blaindi na anti 500, dau langu 500, na 20,000 za mzee: 21,000. Nilitakiwa kuongeza 19,500. Jumla ingekuwa 40,500. Gawa 19,500 kwa 40,500 upate karibu asilimia 48. Ninalipia 48 kununua kitu cha 40. Mama wa Marikiti hawezi kukuuzia nyanya kwa hesabu hiyo ukakubali.

Tuseme sasa mzee yule yule, kwa mikono yake minne ile ile, amebakiwa na chipu 3,000 tu. Chungu kina 4,000, naongeza 2,500, jumla 6,500. Bei ni kama asilimia 38 na nusu. Nina 40. Hapo namfuata bila kinyongo, na akifunua ree mbili nampa mkono.

Jambo hili lilinichukua miezi kulielewa: hakuna jibu la "malkia wawili hukunjwa au hawakunjwi".

Na wafalme wawili? Wafuate. Kwenye meza ya watu kumi, ukiwa na wafalme wawili, uwezekano wa mmoja kati ya wale tisa kuwa na ree mbili ni kama asilimia 4.4, yaani karibu mara 1 katika 23. Wapo watu wanaojisifu kwamba waliwahi kukunja wafalme wawili kabla ya flopu na wakawa sahihi. Huwa hawasimulii zile mara nyingine. Mbali na zawadi, sikushauri ujaribu ushujaa huo labda umemjua mtu kwa miaka.

Hatua ya tano: tazama zawadi

Hadi hapa nimehesabu chipu kana kwamba chipu ni pesa. Kwenye mashindano si hivyo. Huwezi kusimama ukaenda kuzibadilisha kwa karani. Ukipata chipu zote za meza hupati alama zote. Unapata 50, na 50 nyingine zinakwenda kwa wa pili na wa tatu. Ndiyo maana chipu unayoipata ina thamani ndogo kuliko chipu unayoipoteza. Wachezaji wana hesabu yake inayoitwa ICM: inachukulia kwamba nafasi yako ya kumaliza wa kwanza ni sawa na fungu lako la chipu zote, kisha inarudia hivyo hivyo kwa nafasi ya pili na ya tatu.

Nieleze kwa usiku mwingine, miezi minane baada ya ule wa malkia. Tumebaki wanne. Chipu zote ni 200,000. Fundi wa mashua anaongoza kwa 80,000. Mimi wa pili, 60,000. Mwenye duka la simu ana 50,000. Dereva wa tuktuk amebakiwa na 10,000, na blaindi kubwa ni 5,000: ana mizunguko ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Atakayetoka wa nne anaondoka na sifuri.

Mimi niko kwenye blaindi kubwa. Wawili wanakunja. Fundi, kwenye blaindi ndogo, anaweka zote. Ananifunika, yaani ana chipu nyingi kuliko zangu. Nachungulia: ree ya kopa na mfalme wa pau.

Bei ya chipu ni rahisi. Chungu kina 65,000, naongeza 55,000, asilimia 46. Fundi alikuwa akiweka zote mfululizo, nikawa na hakika anaweka kwa karata zozote, hata bila kuzitazama. Mbele ya karata zozote, ree na mfalme wa aina tofauti hushinda kama 65 katika 100. Kwa hesabu ya barazani, hii ni zawadi.

Sasa hesabu ya alama. Nikikunja nabaki na 55,000, na kwa ICM hizo ni sawa na alama 29.4. Nikimfuata nikashinda, ninakuwa na 120,000, ambazo ni sawa na alama 40.7. Nikishindwa nimetoka wa nne, sifuri. Yaani nahatarisha alama 29 ili niongeze 11. Ili biashara hiyo isinile hasara lazima nishinde mara 72 katika 100. Nina 65.

Hata kama anacheza bila kutazama karata, ree na mfalme zinakunjwa. Jozi ya tisa, yenye 72 mbele ya karata zozote, iko pale pale kwenye mstari. Makumi mawili, yenye 75, na ghulamu wawili, wenye 77, wanafuata. Na fundi akiwa na busara kidogo, akaacha takataka, basi hata hao wanashuka.

Kinachopandisha bei hadi 72 ni yule dereva wa tuktuk. Angekuwa na 50,000 kama wengine, nisingekuwa na sababu kubwa ya kusubiri. Kwa hiyo kila mkikaribia kizingiti cha zawadi, kabla ya kutazama karata zako tazama nani anakaribia kufa. Ukiwa wa pili, anayeongoza ameweka zote, na kuna mtu wa blaindi mbili, dai angalau 70 katika 100. Ukiwa wewe ndiye huyo wa blaindi mbili, sahau yote haya. Na ukiwa wewe ndiye unayeongoza, fanya kama fundi: wasukume walio wa pili, maana ndio wenye mengi ya kupoteza.

Sitakuficha kwamba mezani hakuna anayepiga hesabu ya ICM kwa kichwa. Nilizipiga nyumbani, kwenye daftari, kwa mifano kumi kumi, hadi nikazoea harufu yake.

Mashindano ya tiketi

Hapa mambo yanageuka kabisa. Yapo mashindano ambayo zawadi yake ni tiketi ya kuingia mashindano makubwa zaidi. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingia kwa tiketi ya namna hiyo aliyoipata mtandaoni mwaka 2003, kwenye mashindano makuu ya Las Vegas ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000. Akawashinda wengine wote kati ya wachezaji 839, akaondoka na dola milioni 2.5.

Tuseme tiketi ni 10, mmebaki 11. Mwenye mlima wa chipu na mwenye chipu moja watapata tiketi ile ile. Wewe ni wa pili kwa chipu, na watu wawili wamebakiwa na blaindi moja moja. Anayeongoza anaweka zote. Unachungulia: ree mbili. Kunja.

Ndiyo, ree mbili. Zinashinda mara 85 katika 100 mbele ya karata zozote, na wewe ukikaa kimya tiketi yako ni karibu ya uhakika. Hakuna unachoweza kununua kwa hizo chipu za ziada. Anayekosa feri ya Likoni kwa kupigania kiti cha mbele hana wa kumlaumu.

Baada ya flopu, kwa ufupi

Huo ni mwongozo mwingine, lakini mawili yakae hapa. Ukiwa na wafalme wawili, ree itajitokeza kwenye flopu kama mara 23 katika 100. Wapinzani wawili wakianza kupandishiana juu ya ree hiyo, wewe umekwisha, kunja. Na usiwaache watu wengi waingie kwa bei rahisi: ree mbili mbele ya mmoja ni 85, mbele ya wanne ni kama 56, mbele ya tisa ni 31.

Hatua ya mwisho: kunja vizuri

Vuta pumzi, hesabu hadi kumi hata kama umeshaamua, kisha rudisha karata zikiwa zimelala. Usifunue ili uonekane shujaa. Ukifunua ree na mfalme zilizokunjwa, umewatangazia watu tisa kwamba unasukumika, nao watakusukuma hadi alfajiri. Usisonye, usitikise kichwa, usiulize "ulikuwa na nini?" Ukifika nyumbani andika: blaindi ngapi, nani, kiti gani, bei gani. Usiandike alichofunua mwenzako, maana hicho ndicho kitakachokudanganya.

Usiku ule wa fundi nilirudisha karata zangu. Yeye akazifunua zake akicheka: saba ya uru na mbili ya shupaza. Paa lote likapiga kelele. Mikono mitatu baadaye dereva wa tuktuk aliweka chipu zake za mwisho, akatoka wa nne. Mimi nilimaliza wa pili, alama 30. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, fundi akipokea kikombe chake cha kahawa huniuliza, "Lakini yakhe, siku ile ulikunja nini?"

Humwambia sikumbuki.